Mpaka Ng'ombe Acheke

Sebuleni kwa Forodha kulikuwa na kabati la vioo lenye taa yake ndani, na ndani ya kabati hilo kulikuwa na sahani moja tu. Picha za watoto hazikuwamo. Hata kikombe alichopewa kazini siku ya kustaafu kilihamishiwa chumbani, kikakae na vifungo vilivyodondoka na tochi mbovu. Sahani ilitaka nafasi. Mgeni aliyeingia nyumba ile kwa mara ya kwanza hakuketi kabla ya kusimamishwa mbele ya kioo na kuambiwa, kwa sauti iliyoshushwa kidogo, "Hiyo ni ya Ulaya."

Mwenye nyumba walimwita Forodha kwa sababu huko ndiko alikofanya kazi tangu ujana mpaka mvi, akifungua maboksi ya watu na kuwaharibia siku. Kazi hiyo ilimfundisha kugawa vitu vyote vya dunia mafungu mawili: cha Ulaya na mchina. Cha Ulaya ni kitu. Mchina ni redio inayozima kabla hujafika nayo nyumbani, ni kiatu kinachofungua mdomo kwa mvua ya kwanza. Tusijifanye watakatifu, sote tunasema hivyo, na tunayasema kwenye simu zilizotoka huko huko. Lakini Forodha alilipwa mshahara kusema hivyo, na akastaafu na neno hilo kama wengine wanavyostaafu na maumivu ya mgongo.

Sahani yenyewe ilikuwa nzuri, tusiionee. Ilikuwa kubwa, ya kauri, pana ya kutosha kulisha watu wawili wenye adabu au mmoja mwenye njaa. Ukingoni ilizungukwa na maua ya buluu na mstari wa dhahabu uliokwisha kufifia. Katikati alisimama bwana wa Kizungu mwenye wigi na kofia ya pembe tatu, mguu mmoja mbele kama anayepimwa suruali. Mbele yake palikuwa na bibi mwenye gauni lililohitaji mlango wake peke yake. Nyuma yao nyumba, miguuni mbwa, na kushoto kabisa, chini ya mti, ng'ombe.

Sasa ukikaza macho ungeona mambo. Bwana na bibi walikuwa na macho yaliyopanda kidogo pembeni. Paa la nyumba lilikunja ncha zake kwenda juu. Mbwa alikuwa na manyoya ya simba shingoni. Na ng'ombe, maskini, alikuwa na uso wa paka, tena paka anayecheka. Forodha alikuwa na jibu la kila kitu. Macho, jua lilikuwa kali. Paa, huko kuna upepo mwingi. Ng'ombe, "Ng'ombe wa Ulaya wanatunzwa, lazima wafurahi." Na pale ukingoni palipomeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, hiyo ilikuwa alama ya kiwanda.

Kuhusu ilivyofika kwao, babu wa baba yake Forodha alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu, nao walipofunga virago wakamwachia sahani. Hivyo ndivyo mama yake Forodha alivyosimulia. Mdomoni mwa Forodha yule mpishi alikuwa akipandishwa cheo kila mwaka. Kwanza akawa msimamizi wa nyumba, kisha katibu, na tangu binti ya Forodha apate mchumba, mzee wa watu alikuwa mshauri. Kwa mwendo ule wajukuu wangekuja kumkuta gavana.

Mtu mmoja tu aliyesikiliza habari hizo akiwa ameuma ulimi ni mdogo wake Forodha, mwanamke aliyeitwa Mapazia. Jina lilitoka kwenye kazi. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha vyumba vyake viwili, cherehani dirishani, mabunda ya kitambaa mpaka darini, na pini kila mahali isipokuwa kwenye kikopo cha pini. Yeye alijua kwamba bibi wa Kizungu alikuwa anaitupa sahani ile kwa sababu imemeguka, na mpishi akasema, basi nipe mimi. Hakukuwa na ushauri wowote uliotolewa.

Mama yao alipofariki, Forodha aliomboleza kwa uchungu mkubwa, na katikati ya uchungu huo akapata nafasi ya kuifunga sahani katika blanketi na kuipeleka kwenye gari kabla viti vya kuazima havijarudishwa kwa wenyewe. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. Mapazia akapewa sufuria. Zilikuwa sufuria nzuri, anazitumia mpaka leo. Lakini alitaka sahani, na kila alipoiomba kaka yake alimwangalia kwa huruma, kama mtu aliyeombwa mlango wa nyumba.

Aliitaka kwa sababu hii. Alipokuwa mdogo, kuna siku alirudi kutoka shuleni akakuta baba yuko kazini na kaka yake kaenda kwenye mpira. Mama akashusha sahani kutoka juu ya kabati, akaifuta kwa khanga, akaijaza wali na maharage. Akamwonyesha pale palipomeguka. Ukipaelekeza kifuani kwako, alisema, ng'ombe anakaa kushoto. "Kula mpaka ng'ombe acheke," akamwambia. "Na kaka yako asijue." Basi Mapazia alichimba upande wa kushoto, kijiko kwa kijiko, mpaka uso ule wa paka ukatokea chini ya wali, na yeye na mama wakacheka pamoja naye. Ilitokea tena, na tena, siku za nyumba tupu. Hakuwahi kumwambia mtu. Katika nyumba ambayo kaka alipata cha kwanza na yeye akapata kilichobaki, hicho kilikuwa chake. Ndiyo maana alipoiona inamulikwa na taa, haina hata punje ya wali, alitamani kulia.

Mambo yaliharibika siku wazazi wa mchumba walipoalikwa chakula cha mchana.

Forodha alijiandaa kwa siku hiyo kuliko bibi harusi mwenyewe. Alibadilisha taa ya kabati, akaweka kali zaidi. Alimwita mdogo wake ashone mapazia mapya ya sebule, rangi ya dhahabu ili yaendane na ukingo wa sahani, akamwambia abaki kusaidia jikoni. Kisha akaenda makumbusho akamwomba mtaalamu wa vyombo vya kale aje, ale, na aseme neno dogo mbele ya wageni.

"Neno gani?" mkewe aliuliza.

"Neno la kitaalamu. Nikisema mimi wataona najisifu."

Mkewe, ambaye Mapazia alimwita wifi na walipendana kwa sababu walikuwa na mzigo mmoja, alimtazama mumewe kidogo, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Wageni walifika. Baba wa mchumba alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu mnene mwenye roho safi na sauti ya gereji. Mkewe alikuwa mpole aliyesifu kila kitu, pamoja na swichi ya taa. Walisimamishwa mbele ya kioo kama kawaida. Mshauri alishauri, Wazungu walilia machozi wakiagana naye, sahani ikakabidhiwa. Mapazia alisikiliza haya yote mlangoni akiwa na jagi la maji. Alitambua kwamba mpishi wa watu sasa alikuwa anaongea lugha tano.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, miwani kwenye kamba. Forodha alimfungulia kabati kwa ufunguo. Yule mama aliitoa sahani kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani, akaigonga kwa ukucha na kusikiliza, akaigeuza akapapasa mviringo wa chini. Alipofika kwa ng'ombe alitabasamu. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umemchangamka.

"Hii," alisema, "ni ya Kichina."

Mama wa mchumba alitazama swichi ya taa. Binti ya Forodha alitazama zulia. Forodha mwenyewe alibaki mdomo wazi, na rangi ikamtoka usoni taratibu kama nguo inayochuja.

"Samahani?" alisema.

"Ya Kichina. Kabisa, haina ubishi. Tazama huyu ng'ombe, tazama paa. Na ninachotaka kueleza ni kwamba…"

"Umeshaeleza, mama. Asante."

"Hapana, bado sijafika kwenye…"

"Chakula kinapoa."

Baba wa mchumba aliona mwenzake anazama, na kwa wema wake wote akamrushia jiwe. "Pole sana, mzee mwenzangu," alisema, akimshika bega. "Usijisikie vibaya. Siku hizi wanaiga kila kitu. Mimi mwaka jana waliniletea breki za mchina, boksi la Kijerumani kabisa, nembo na kila kitu. Hata mimi, na uzoefu wangu, niliingia mtegoni."

"Lakini inang'aa," mkewe aliongeza.

Mtaalamu alijaribu tena mezani, mara mbili. Mara ya kwanza Forodha alianza sala ya chakula katikati ya sentensi yake. Mara ya pili wifi, ambaye alimpenda mumewe licha ya yote, alimwekea paja la kuku sahanini, na mtu aliyelelewa vizuri hasemi na paja mdomoni. Mazungumzo yalihamia kwenye breki yakakaa huko mpaka chai.

Wageni walipoondoka Mapazia alimsindikiza mtaalamu mpaka kituo cha teksi. Yule mama alitembea kwa hasira.

"Nimeitwa niseme neno," alisema. "Nimesema neno nikapewa paja."

"Usimlaumu, dada. Umemwambia mbele za watu kitu chake ni feki."

Mtaalamu alisimama katikati ya njia. "Nani kasema feki?"

"Si umesema mchina?"

"Nimesema ya Kichina. Imetoka China, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ulaya siku hizo walikuwa wanahangaika kutengeneza kauri ya namna ile, na China walikuwa wameshaizoea toka zamani. Basi wafanyabiashara wa Kizungu walibeba picha za kwao, wakazipeleka kwa mafundi wa kule, wakasema tuchoreeni hizi. Fundi hajawahi kufika Ulaya. Hajamwona bwana mwenye wigi, hajamwona ng'ombe wa namna ile. Akachora alivyoweza, kwa sura za watu wa mtaani kwake. Wakangoja meli irudi. Wafalme wa Ulaya, dada, walikuwa wanapanga foleni kwa Mchina."

"Kwa hiyo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli kabisa. Ya kweli ya Kichina."

Mapazia alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. Mtaalamu naye akacheka, akamwachia namba ya simu, akapanda teksi. Na hapo kicheko kilipoisha Mapazia alibaki peke yake na jambo zito. Alijua ambacho kaka yake hajui. Akinyamaza, sahani ilikuwa njiani kutupwa, na yeye angekuwa wa kwanza kuiokota. Akisema, itarudi kabatini, taa itaongezwa ukali tena, na mpishi atakuwa balozi wa China.

Alimkuta Forodha jikoni, koti amelivua. Kabati lilikuwa wazi na tupu. Sahani ilikuwa sakafuni karibu na pipa la taka, ndani yake maganda ya viazi.

"Kama unaitaka ichukue," alisema bila kumtazama. "Ulikuwa unaililia. Kalishie kuku."

Mapazia hakuwa na kuku. Alikuwa na dhamiri tu, na ilimsumbua zaidi ya kuku. Akayamwaga maganda, akaisuuza sahani, akaipangusa, akaiweka mezani katikati yao. Kisha akamwambia kila kitu, mafundi, meli, wafalme, foleni. Kila sentensi ilikuwa inaisukuma sahani kurudi nyuma ya kioo.

Forodha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitabasamu kwa uchovu.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe una roho nzuri. Umenionea huruma ukatunga, na umetunga vizuri. Lakini mimi nimekaa forodha. Mfalme wa Ulaya, na hela zake, aagize mchina?"

"Muulize mwenyewe, kaka. Namba yake hii hapa."

"Hao wa makumbusho wanalinda kazi zao. Chukua sahani yako, giza linaingia."

Mapazia alikuwa amesema kweli yote, mbele ya shahidi ambaye alikuwa wifi yake akisugua sufuria. Zaidi ya hapo angefanya nini, amfunge kamba? Aliifunga sahani ndani ya kipande cha pazia la dhahabu kilichobaki, akaondoka nayo kifuani. Njiani alikuwa anatembea haraka kama mwizi, ingawa hakuwa ameiba chochote.

Kabatini kwa Forodha pakawekwa saa ya ukutani inayocheza muziki. Ilikuwa ya Ulaya, ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye boksi.

Siku za harusi zilipokaribia Forodha alikuja kwa mdogo wake kuchukua mapazia ya maharusi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale tangu siku ile. Alikaa kwenye kigoda pekee kisicho na pini, baada ya kukikagua, akangoja pindo la mwisho limalizike. Ilikuwa saa ya chakula. Mapazia alikuwa amepika wali na maharage, na kwa kweli hakupanga lolote. Sahani zake nyingine zilikuwa na vifungo, pete za mapazia na chaki. Iliyokuwa safi ni moja. Alisimama nayo jikoni kwa muda, akajua akimpa huenda kaka yake akakumbuka ilikuwa yake akaidai, akampa hivyo hivyo, kwa sababu mtu hawezi kumnyima kaka yake chakula kwa ajili ya chombo.

"Ndiyo mchina wenyewe huu," Forodha alisema.

"Ndiyo wenyewe. Kula."

Akarudi kwenye cherehani. Alikuwa anakata uzi alipotupa jicho, na mkasi ukamsimama mkononi. Wali ulikuwa umefunika picha yote, huoni bwana wala bibi. Forodha alikuwa anaizungusha sahani magotini kwa vidole viwili, akipapasa ukingo. Kidole kilipofika pale palipomeguka, kilisimama. Akapaelekeza kifuani kwake. Kisha akachukua kijiko, akaanza kula kutoka kushoto.

Alikula akichimba sehemu moja tu, kijiko kwa kijiko. Wali wa kulia ulibaki kama ulivyopakuliwa. Halafu kijiko kikatulia.

"Kacheka," alisema polepole.

Mapazia alijua, na kujua kulimchoma. Tuseme wazi, kulimuuma mno. Kumbe nyumba ilikuwa inabaki tupu hata siku nyingine. Kumbe kuna siku yeye ndiye aliyekuwa amekwenda kucheza, na mama akashusha sahani, akaifuta kwa khanga ile ile. Kile alichokibeba maisha yake yote kama chake kilikuwa na mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo alikuwa ameketi mbele yake na maharage kwenye masharubu.

"Kacheka nani?" aliuliza.

"Huyu ng'ombe." Forodha hakuinua kichwa. "Wewe hujui. Mama alikuwa ananipakulia humu, wewe ukiwa kwa jirani. Kula mpaka ng'ombe acheke, ananiambia. Na mdogo wako asijue." Alipangusa uso kwa kiganja, akajifanya ni jasho. "Wewe ulikuwa kitinda mimba, kila kitu lazima tukugawie. Hiki peke yake ndicho alichonipa mimi. Ndiyo maana nilitaka kiwe kitu kikubwa. Nilitaka kiwe cha Ulaya."

Nje mtu alikuwa anashusha mabati kwenye mkokoteni.

"Ikae hapa hapa," alisema. "Kwangu inakaa na njaa. Ila nikipita utanipakulia."

"Nitakupakulia, kaka."

Akala vijiko viwili zaidi. Kisha akamtazama, kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu wako watoto, na kwa woga kidogo.

"Na wewe," alisema, "mama alikuwa anakupakulia kwenye nini?"

Mapazia aliinamia pindo. Kweli ilikuwa pale pale ulimini, nzima, na safari hii angeaminiwa.

"Kwenye bakuli la bati," alisema. "Lile lenye kutu."

Ulikuwa mchina mtupu, haujakauka hata rangi. Na Forodha, aliyefungua mizigo ya watu maisha yake yote, akaupitisha bila kuukagua, akarudi kwenye wali wake.